Kwa nini PINK1 haionekani kwenye seli zenye afya?

mwanafunzi_wa_seli

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaofahamu mambo ya mitokondria.

Niko kwenye mradi wa shahada ya uzamili unaohusu PINK1, ile protini ambayo jeni yake ikiharibika mtu anaweza kupata ugonjwa wa Parkinson akiwa bado kijana. Natumia SH-SY5Y, seli za binadamu za maabara zinazofanana na za neva. Kundi moja naliwekea DMSO tupu, yaani kiyeyushio bila dawa, kundi la pili naliwekea CCCP ya mikromola 10 kwa saa kadhaa ili kuvunja chaji ya utando wa mitokondria. Halafu navunja seli, napitisha protini kwenye jeli, nafanya westani bloti kama kawaida, yaani naitafuta protini kwa kingamwili yake.

Matokeo ndiyo haya: safu ya CCCP ina mstari mnene juu kidogo ya kilodaltoni 60. Safu ya DMSO ni nyeupe, hakuna hata kivuli. Aktini, protini ya kulinganishia, iko sawa pande zote mbili, kwa hiyo kiasi cha protini nilichopakia si tatizo. Nimepima na RNA ya PINK1 kwa PCR, nayo ipo hata kwenye seli za DMSO. Maana yake jeni inafanya kazi, ujumbe unaandikwa, lakini protini haipo.

Nilipompelekea msimamizi wangu aliitazama picha, akatabasamu, akaniuliza swali moja kisha akaondoka: "Kama mtu mwenye afya hana PINK1 ya kuonekana, inakuwaje mtu anaugua kwa kukosa PINK1?"

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mwenye kujua anisaidie.

---

kaka_pipeti

Badilisha kingamwili mkuu. Za PINK1 nyingi ni takataka. Au ongeza muda wa kuanika filamu.

---

fundi_wa_jeli

Kaka pipeti, ni kweli soko limejaa kingamwili za PINK1 zisizo na maana, na hela za watu zimeliwa sana hapo. Ila hapa umemwonea huyu kijana. Kingamwili ikiwa mbovu hata safu ya CCCP isingetoa kitu, au ingetoa mistari kila mahali. Ya kwake imetoa mstari mmoja, mahali panapotakiwa, kwenye seli zinazotakiwa. Hiyo ni bloti nzuri. Mimi kazi yangu ni jeli, nimeona mbaya za kutosha.

Mwanafunzi, safu yako nyeupe ndiyo matokeo yenyewe, usiione kama pengo. Sasa tulia nikueleze kwa nini, maana ukielewa hili utaelewa nusu ya mambo ya mitokondria.

Anza na hesabu. DNA ya mitokondria ya binadamu ina herufi 16,569 na jeni 37. Kati ya hizo, zinazotengeneza protini ni 13 tu. Orodha ya MitoCarta inayotumiwa na watu wengi ina protini 1,136 za mitokondria. Kwa hiyo karibu zote zinatengenezwa nje, kwenye sitoplazimu, kutokana na jeni za kwenye kiini, halafu zinasafirishwa kuingia ndani. Mitokondria inaishi kwa kuagiza vitu kutoka nje. Watu wanapozungumzia udhibiti wa protini za mitokondria mara nyingi mawazo yanakimbilia jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Hilo lipo, ila mimi naona uhondo uko mlangoni: nani anaingia, anakatwa wapi, anakaa muda gani, na ikitokea mlango umegoma seli inajuaje.

Protini nyingi zinazoelekea ndani zina kipande cha mwanzo kinachofanya kazi ya anwani. Kipande hicho hujikunja kama ond na kina asidi amino zenye chaji chanya. Kinapokelewa na mashine ya TOM kwenye utando wa nje, kinapita kwenye tundu la Tom40, kinakabidhiwa TIM23 kwenye utando wa ndani. Upande wa ndani wa utando huo una chaji hasi, tofauti ya karibu milivolti 150 hadi 180, na hiyo ndiyo inayokivuta kipande chenye chaji chanya. Kikishaingia, kimeng'enya MPP kinakikata anwani kwa sababu haina kazi tena. Hapo weka alama: bila chaji, hakuna kuvutwa. Chaji nayo inatokana na mnyororo wa upumuaji kusukuma protoni. Kwa hiyo mitokondria iliyochoka haiwezi kuagiza vizuri. Afya na uagizaji ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili.

PINK1 ina anwani ya namna hiyo. Kwenye seli zako za DMSO inatengenezwa, inaenda mlangoni, inavutwa. MPP anakata anwani, halafu kimeng'enya kingine kiitwacho PARL, kilichojichimbia kwenye utando wa ndani, kinaikata tena kati ya asidi amino ya 103 (alanini) na ya 104 (fenilalanini). Kipande kikubwa kilichobaki kinateleza kurudi sitoplazimu, na sasa kichwani mwake kuna fenilalanini. Protini yenye fenilalanini kichwani haina maisha. Vimeng'enya vya jamii ya UBR vinaitambua, vinaibandika ubikwitini, protini ndogo ya alama, kisha proteasomu, mashine ya kusaga protini, inaisaga. Nusu ya PINK1 inatoweka ndani ya takribani dakika 30. Ndiyo maana RNA unaiona na protini huioni: seli inaitengeneza mfululizo na kuisaga mfululizo. Ukiitazama kwa jicho la mhasibu ni upotevu mtupu.

Sasa vunja chaji kwa CCCP. PINK1 inafika TOM lakini hakuna cha kuivuta ndani, haimfikii PARL, haikatwi. Inang'ang'ania hapo kwenye utando wa nje, zinakusanyika. Ni kama foleni ya malori getini: aliye nje hahitaji kuingia kiwandani kujua kuwa mambo ndani yamesimama. Mwaka 2025 kikundi cha taasisi ya utafiti ya WEHI kule Melbourne kilitoa picha ya umbo la PINK1 ya binadamu ikiwa imeshikamana na TOM, na zinaonekana zimekaa mbili mbili. Zikikaa hivyo zinabandikana fosfati zenyewe kwa zenyewe, zinaamka, na zinaanza kazi. Zinabandika fosfati kwenye serini ya 65 ya ubikwitini. Jambo hilo liliwashangaza wengi lilipotangazwa mwaka 2014, kwa sababu ubikwitini ilijulikana kama kitu cha kubandikwa kwenye wengine, si kitu cha kubandikwa fosfati chenyewe. Zinabandika pia serini ya 65 ya Parkin, kimeng'enya kinachobandika ubikwitini kwenye protini nyingine. Parkin ambayo siku zote imejifungia inafunguka, inazivisha protini za utando wa nje minyororo ya ubikwitini, PINK1 inaongeza fosfati kwenye minyororo hiyo, Parkin nyingine zinavutwa, na moto unakolea wenyewe. Protini za OPTN na NDP52 zinakuja kushika minyororo, mfuko wa utando unaizunguka mitokondria hiyo, lisosomu, kifuko cha seli cha kusaga taka, inaimaliza.

Basi jibu la msimamizi wako ni hili. Mtu mwenye afya hana akiba ya PINK1, ana uwezo wa kuikusanya mahali palipoharibika na wakati wa uharibifu. Mgonjwa aliyekosa jeni hiyo, safu yake ya DMSO itakuwa nyeupe kama yako. Na safu yake ya CCCP nayo itakuwa nyeupe. Tofauti yenu haionekani siku ya shwari.

Kuhusu nani anamtangulia nani kati ya PINK1 na Parkin, waliofungua njia ni inzi wa matunda. Mwaka 2006 vikundi viwili vilionyesha kwamba inzi wasio na PINK1 wanafanana na wasio na Parkin: misuli ya kurukia imeharibika, madume hayazai. Ukimwongezea Parkin inzi asiye na PINK1 anapata nafuu. Ukimwongezea PINK1 inzi asiye na Parkin, hakuna kitu. Jeni mbili, mstari mmoja, na mpangilio unajulikana bila kugusa jeli hata moja. Inaniuma kidogo kusema hivyo.

Cha kufanya: ongeza safu ya MG132, kizuizi cha proteasomu, bila CCCP. Kama maelezo yangu ni sahihi utaona mstari kwenye kilodaltoni 52 hivi, kile kipande kilichokatwa na PARL kikiwa kimekosa wa kukisaga. Na tafuta kingamwili ya ubikwitini yenye fosfati kwenye serini 65, yenyewe inakuonyesha kazi ya PINK1 badala ya mwili wake.

---

mnyoo_mwembamba

Fundi, heshima yako. Naongezea kidogo kutoka kwetu tunaofuga C. elegans. Mnyoo ana protini inaitwa ATFS-1, nayo ina anwani mbili: moja ya mitokondria, nyingine ya kiini. Mlango ukiwa mzima inaingia mitokondria na kimeng'enya cha Lon kinaisaga. Uagizaji ukilegea inabaki nje, inashika anwani ya pili, inaenda kwenye kiini kuwasha jeni za msaada: chaperoni (protini zinazosaidia nyingine kukunjika vizuri), vimeng'enya vya kusaga protini zilizokunjika vibaya. Hiyo ilionyeshwa mwaka 2012. Kwa hiyo hila ya "nikishindwa kuingia, hiyo ndiyo taarifa" haiko kwa PINK1 peke yake.

Kwa binadamu njia haifanani kabisa. Kuna kimeng'enya OMA1 kinachoikata protini ya DELE1 kwenye mitokondria yenye shida, kipande kinatoka kwenda kuamsha kimeng'enya kingine, HRI, na HRI inapunguza utengenezaji wa protini kwenye seli nzima. Iliwekwa wazi 2020.

---

dawati_la_maabara

Na kuna ugonjwa wa upande wa pili kabisa, protini isiyotakiwa kuingia inaingia. Hyperoksaluria ya msingi aina ya 1. Kimeng'enya AGT cha ini kwa binadamu kinatakiwa kukaa kwenye peroksisomu, kifuko kingine ndani ya seli. Baadhi ya watu wana badiliko la kawaida, prolini ya 11 kuwa leusini, linalokipa kimeng'enya anwani hafifu ya mitokondria. Peke yake halimdhuru mtu. Likiungana na badiliko la pili, glisini ya 170 kuwa arginini, sehemu kubwa ya AGT inaishia kwenye mitokondria. Ukikipima, kimeng'enya kipo na kinaweza kufanya kazi, ila kipo nyumba isiyo yake. Oksaleti inapanda, mawe kwenye figo, mpaka figo zinakufa. Wenye badiliko hilo la 170 baadhi yao wanapata nafuu kwa vitamini B6.

Samahani kuhamisha mada. Mgonjwa wa figo anayeugua kwa sababu ya anwani ya protini ni kitu ambacho sikuweza kukaa nacho kimya.

---

dada_mkubwa

Habari zenu. Mimi si mwanasayansi, nimefika hapa kwa kutafuta neno Parkin. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31. Mguu wa kushoto ulianza kujikunja vidole asubuhi akitembea, tukadhani ni mpira, baadaye mkono ukaanza kutetemeka. Daktari wa neva alimpa levodopa, dawa ya Parkinson, kidogo tu na akabadilika sana, akarudi kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Wakampima jeni. Ripoti inasema jeni PRKN (jeni ya Parkin), upungufu wa ekzoni ya 3 na ekzoni ya 4, "heterozaigasi". Hatujaelezwa vizuri. Nimesoma maelezo ya fundi mara kadhaa, nimeelewa kuwa taka za mitokondria haziondolewi. Maswali yangu: kwa nini ubongo tu wakati seli zote zina mitokondria? Na mimi ambaye tumezaliwa baba mmoja mama mmoja, nami nitapata? Kuna mtu anatuuzia vidonge vya "kusafisha mitokondria", tununue?

---

fundi_wa_jeli

Pole sana dada, na mdogo wako. Ulivyoeleza dalili, vidole vya mguu kujikunja, umri mdogo, dozi ndogo ya levodopa kumsaidia sana, ndivyo wagonjwa wa PRKN wanavyoelezwa kwenye maandiko. Na ugonjwa wao kwa kawaida huenda polepole kuliko Parkinson ya uzeeni. Mimi si daktari, nakwambia ninachokijua upande wa maabara.

Kuhusu ripoti. Kila mtu ana nakala mbili za PRKN, ya baba na ya mama, na ugonjwa huu unahitaji zote mbili ziharibike. Ekzoni ni vipande vya jeni, na upungufu wa ekzoni ya 3 na ya 4 unaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza: nakala moja imepoteza ekzoni ya 3, nyingine imepoteza ya 4. Hapo zote mbili zimeharibika na ugonjwa una maelezo. Ya pili: ekzoni ya 3 na ya 4, zilizo jirani, zimeondoka pamoja kwenye nakala moja, na nakala ya pili ni nzima, au ina kasoro nyingine ambayo kipimo hakikuiona. Kipimo cha kuhesabu ekzoni kinaona tu kwamba kila moja imebaki moja badala ya mbili (ndiyo hiyo "heterozaigasi"), hakiwezi kukwambia zilizopotea zilikuwa upande gani. Njia rahisi ya kujua ni kuwapima wazazi. Baba akiwa na upungufu wa 3 na mama wa 4, jibu limepatikana. Mmoja akiwa na yote mawili, basi ni nakala moja na maabara irudi kutafuta kasoro ya pili. Peleka swali hilo kwa mshauri wa jeni kwa maneno hayo hayo: "upungufu huu uko kwenye nakala moja au mbili?"

Wewe je? Ikithibitika kila mzazi ana nakala moja yenye kasoro, kila mtoto ana nafasi asilimia 25 ya kurithi zote mbili, asilimia 50 ya kurithi moja, asilimia 25 ya kutorithi yoyote. Mwenye moja kwa kawaida haugui ugonjwa huu. Kupima au kutopima ni uamuzi wako, usisukumwe na mtu, hata ndugu.

Kwa nini ubongo. Seli zinazokufa ni zile za dopamini kwenye substantia nigra, eneo dogo ndani ya ubongo. Seli hizo zina matawi marefu na mengi kupindukia, kila tawi linataka mitokondria zake mbali na kiini. Zinapiga mapigo ya umeme zenyewe mfululizo huku kalsiamu ikiingia kila mara, na dopamini yenyewe ikioksidika inakuwa sumu. Na hazigawanyiki, kwa hiyo takataka haipati wa kugawana nayo. Kwamba mitokondria zina mkono kwenye ugonjwa huu lilijulikana hata kabla ya jeni. Mwaka 1983 huko California iliripotiwa kuwa vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyochafuliwa na MPTP walipata dalili za Parkinson kwa ghafla, na MPTP ikishabadilishwa mwilini inaziba kompleksi ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji. Jeni ya Parkin ilitambuliwa 1998 kwa familia za Kijapani, PINK1 ikafuata 2004.

Ila sitakudanganya kwamba kila kitu kimefungwa. Panya walioondolewa Parkin kwa sehemu kubwa hawapati ugonjwa unaofanana na wa binadamu, na kisa hicho kinatusumbua mpaka leo. Na CCCP tunayotumia sisi inaua chaji ya mitokondria zote kwa mpigo. Kwenye ubongo wa mdogo wako hakuna siku jambo kama hilo limetokea. Kinachotokea ni mitokondria moja hapa, nyingine pale, kwa miaka.

Vidonge: usinunue. Koenzaimu Q10 ilijaribiwa kwa wagonjwa 600 wa Parkinson, dozi hadi miligramu 2,400 kwa siku, matokeo yakachapishwa 2014: haikusaidia. Hicho ni kitu kilichokuwa na hoja ya kisayansi nyuma yake. Huyo wa kusafisha mitokondria ana nini? Kuna dawa zinazofuatiliwa kwa umakini, kwa mfano za kuzuia USP30, kimeng'enya kinachobandua ubikwitini ambayo Parkin imeibandika. Wazo ni kumpunguzia Parkin mpinzani. Lakini kama mtu hana Parkin kabisa, kumwondolea mpinzani kutamfaa kiasi gani? Swali hilo muulizeni yeyote atakayewaletea habari ya dawa hiyo.

---

dada_mkubwa

Asante sana fundi. Hakuna aliyetuambia habari ya kuwapima wazazi. Mama yupo, baba alishatangulia.

---

fundi_wa_jeli

Mpimeni mama. Mama akionekana ana upungufu mmoja tu kati ya hiyo miwili, ule mwingine umetoka kwa baba, na hapo nakala ni mbili tofauti. Akionekana ana yote mawili, kwa mdogo wako viko kwenye nakala moja ya mama, na maabara itafute cha baba. Akiwa hana hata mmoja, yote yametoka kwa baba, na kasoro ya pili ndiyo itafutwe kwenye nakala ya mama. Kwa wachache sana upungufu hutokea upya bila kurithiwa. Mzazi mmoja anatosha kujibu swali lenu.

---

mwanafunzi_wa_seli

Wakuu nimerudi. Safu ya MG132 peke yake imetoa mstari chini ya ule wa CCCP, karibu na 52 kama fundi alivyosema. Msimamizi ameuona, hakusema kitu, ameniongezea swali: nikiweka CCCP na MG132 pamoja, natarajia mstari upi? Anataka niandike jibu kabla ya kufanya jaribio.

---

fundi_wa_jeli

Msimamizi wako nampenda. Andika: wa juu. PARL haifikiwi, kwa hiyo hakuna kipande cha 52 cha kulindwa na MG132. Ukiona 52 imebaki kwa nguvu, ama CCCP yako imezeeka kwenye friza, ama umeweka MG132 mapema na kipande kilishajikusanya kabla chaji haijavunjika. Kwa hiyo tangulia na CCCP. Na usiache kupakia safu ya seli zilizoondolewa PINK1, la sivyo kaka pipeti atarudi na habari za kingamwili.

---

kaka_pipeti

Nitarudi kweli.